Mkunga Asiyesamehe

Mkunga hasamehe. Naanza na hilo kwa sababu watu wa mtaa wetu hapa Garissa wakimsifu husifu mikono yake, na ni kweli mikono ile imewapokea nusu ya watoto wanaopiga kelele nje ya dirisha langu sasa hivi. Lakini mimi nikimfikiria humwona kwanza yule mwanamke wa nyumba ya tatu, ambaye Mkunga hajamsalimia kwa miaka tisa. Kosa lake? Aliazima chungio la maziwa, akalirudisha limetoboka, akaapa wallahi kwamba alilichukua hivyo hivyo. Mkunga hakugombana naye. Alisema tu, "Haya," na tangu siku hiyo akipita mlango ule huangalia ng'ambo ya barabara kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Wamezika pamoja, wamechota maji pamoja, hata kitinda mimba wa mwanamke huyo alizaliwa mikononi mwa Mkunga. Alimtoa, akamfuta, akamfunga kitambaa, akamkabidhi nyanya yake, akafungasha mkoba. Mama mtu hakuambiwa hata hongera.

Nilimpenda kwa hilo. Mimi ni msichana wa kuona haya. Nikitumwa dukani huzunguka mara mbili nikingoja wateja waishe ndipo niingie. Mtu akinikosea hucheka naye, kisha nikifika nyumbani namwandika. Nina daftari zima la walionikosea. Kumwona mtu mzima anayebeba kisasi chake hadharani, mchana, kichwa juu, kama mwanamke aliyebeba kuni, kulinipa raha ambayo sijui kama ni halali.

Sasa ninamwogopa kwa hilo hilo. Juma lijalo nitapanda lori kurudi shuleni. Pasi yangu ya kusafiri imeshapigwa muhuri. Na kuna neno sijamwambia. Mwaka jana Mkunga alifungwa, na mtaa mzima unamlaani karani wa pasi kwa kumsemea. Mimi pia ninamlaani, tena kwa sauti. Lakini karani hakuoteshwa. Aliambiwa, na aliyemwambia ni mimi. Nimebakiwa na siku chache za kuamua kama nitalisema neno hilo na kuangaliwa ng'ambo maisha yangu yote, au nitaondoka nalo. Ninaandika kwa Kiswahili cha shule kwa sababu Hooyo, mama yangu, hufungua kila kitu katika nyumba hii, na Kiswahili hakisomi.

Mkunga alinijua nilipokuwa nimerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Mwalimu mlezi wa bweni aliandika barua kwamba ninamaliza maji ya wasichana arobaini, na kwamba hicho ni kiburi. Hakikuwa kiburi. Nilikuwa nikitia udhu, nikifika kwenye kiwiko, kitu ndani kinaniuliza: una hakika? Naanza upya. Nasimama kuswali, nasema Allahu akbar, kinaniuliza: ulikuwa umenuia? Nafungua sala, nafunga tena. Wenzangu wakimaliza rakaa nne mimi bado nimeinua mikono masikioni kama mtu aliyetekwa. Na hedhi ikiisha, josho langu lilianza alfajiri likaisha jua limepanda, na bado niliamini kuna tone mahali, na tone hilo limegusa mkeka, na mkeka umegusa nguo ya mwenzangu, na sala za bweni zima ziko shingoni mwangu. Walinipa jina: Bata. Wako saba walionipachika jina hilo. Wote wamo daftarini, na wawili kati yao nimewapigia mstari.

Nyumbani haikuwa nafuu. Maji yetu hutoka mto Tana kwa punda, na tangu vita vianze punda hupita lango la uzio ambao serikali imeuzungushia mji, kwa zamu na kwa pasi, askari akichokora kila debe kwa kijiti. Hooyo akiona debe zima limekwisha kabla ya adhuhuri alilia kwanza, akanichapa baadaye. Wakamleta mtu mmoja wa kutoa majini. Kwa siku tatu alinichapa nyayo kwa fimbo mbichi akimwuliza jini jina lake. Jini hakujibu. Siku ya tatu nikajibu mimi: nikampa jina la mwalimu mlezi wa bweni. Nililala kifudifudi nyayo zikiwaka, nikimsikia akitukanwa ukoo wake wote, na ile ndiyo saa pekee ya furaha niliyoipata mwezi ule.

Mkunga aliitwa kwa ajili ya ngozi tu. Mikono yangu ilikuwa imepasuka hadi kutoa damu, na ile damu ikanifanya nioshe zaidi. Aliketi mkekani, mwanamke mfupi mnene katika gauni jeupe la serikali lisilokuwa jeupe tena, akavishika vidole vyangu akavigeuza kama anayechagua ndimu.

"Naa, eeddo," akasema. Naa ni kumwita mwanamke, na eeddo, kwa Kisomali chetu, ni shangazi, na kwetu shangazi humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe. "Unaosha nini?"

Wote walikuwa wameniuliza kwa nini ninaosha. Yeye aliuliza ninaosha nini. Nikamwambia. Nilimwambia hata habari za hedhi, na Hooyo akajifunika uso kwa mtandio.

"Damu?" Mkunga akacheka, lakini hakunicheka mimi, alicheka kama mtu aliyetajiwa kijiji chao. "Mimi naishi ndani ya damu tangu mama yako hajaolewa. Na sala sijaacha. Kesho njoo zahanati."

Kesho yake hakuanza na mimi. Alikwenda kwanza kwa sheikh mzee wa msikiti wa mtaa wetu. Hakwenda kutaka hirizi, alikwenda kutaka ruhusa. Alijua jambo ambalo mwalimu mlezi asingelijua hata angeishi miaka mia: mtu akiniambia "acha kuosha, ni upuuzi," mimi nitasikia "acha sala." Akarudi na jibu la sheikh, akanieleza mbele ya Hooyo. Mwenye waswasi, yaani shaka ya ibada isiyokwisha, akishaosha mara moja amemaliza, na shaka ijayo baadaye asiigeukie. Kurudia ndiko kukosea kwake.

"Umesikia?" akasema. "Mwingine akirudia labda anaongeza thawabu. Wewe ukirudia unamtii shetani. Dini yako wewe ni nyepesi kuliko yetu sote. Shukuru."

Kisha akataka nimtajie hofu zangu, moja moja, na kila moja akauliza uzito wake. "Huo mzigo wa mbuzi, wa punda, au wa ngamia?" Mbuzi kwetu habebi kitu, kwa hiyo tayari alikuwa ananitania. Kugusa komeo la mlango wa choo nisinawe: mbuzi. Kutia udhu kwa kikombe kimoja cha maji na kuswali nao: punda. Josho la hedhi kwa ndoo moja, kisha kukaa kwenye mkeka wa Hooyo: ngamia.

"Tutaanza na mbuzi," akasema. "Hakuna mtu aliyejifunza kufuga kwa ngamia dume."

Siku ya kwanza alinishikisha komeo, akanikalisha mbele ya chai, akanisimulia umbea wa mtaa saa nzima huku viganja vyangu vikiwaka. Kila baada ya kisa kimoja aliuliza, "Sasa uzito gani?" Ngamia, nikasema, maana mbuzi yule alikuwa ameota nundu. "Sasa?" Ngamia. Akasimulia ya mtu aliyeachwa na wake wawili siku moja. "Sasa?" Nikajitazama nikashangaa. Punda. Hakuwa ameniahidi kwamba itapungua. Alingoja niione mwenyewe.

Majuma yakapita. Alinipa vitambaa vya mzazi, vimelowa damu, nivipeleke kwenye karai. Kisha nikatia udhu mara moja kwa kikombe kimoja, akasema twende. Nikaswali kando yake, na nilipotoa salamu nilimwambia sala ile ilikuwa mbovu kuliko zote nilizowahi kuswali.

"Mbovu ipeleke hivyo hivyo. Anayepokea hakukutuma kuchambua."

Kilichonitesa zaidi ni kwamba hakunituliza. Nikimwuliza, "Eeddo, nimetakasika?" aliendelea kukunja bandeji. Nikiuliza tena, alisema, "Uliniuliza juzi," akaendelea kukunja. Nilimwita mkatili moyoni na jioni nikamwandika daftarini, namba ishirini na nne, baada ya mtu wa majini. Hooyo alikuwa akinijibu mara mia kwa siku, naam hooyo, umetakasika, kwa mapenzi tu. Mkunga akamkataza.

"Ukimjibu unamlisha yule mwingine. Waswasi ni mgeni asiye na haya. Ukimpa chai atataka godoro."

Hooyo akajifunza kunyamaza akiuma ncha ya mtandio. Nadhani kimya kile kilimuumiza yeye kuliko mimi. Lakini debe lilianza kufika magharibi likiwa na maji, na siku moja nikajikuta nimemaliza sala ya alasiri nikifikiria njaa.

Asidhani mtu kwamba Mkunga alikuwa mpole. Upole wake ulikuwa wa wagonjwa. Wazima waliona moto. Aliwakataza wajawazito sukari, mwenyewe akitia vijiko vitano. Alisali taratibu na kulaani haraka. Alinifundisha kwamba mlango ukishaufunga usirudi kuutikisa, lakini mkasi wake aliuhesabu. Mkasi mmoja! Anafungua mkoba, anasema, "Mmoja," anafunga. Nilimwuliza habari yake, kwa ujeuri kidogo, nikidhani nimemshika. Kisha akaniambia kwamba zamani, njia ya Modogashe, mama mmoja alimfia mikononi, na mwaka mzima baada ya hapo alikuwa akivihesabu vitambaa vyake mpaka kuche, akiamini kuna kimoja amekiacha ndani ya maiti.

"Nani alikuponya?"

"Nani kasema nimepona? Zamani nahesabu mara arobaini, sasa nahesabu mara moja. Wewe unataka kupona au unataka kuwa malaika?"

Siku hizo kumwuliza mtu anakwenda wapi hakukuwa salamu tena. Tulikuwa ndani ya uzio, jua likizama kila mtu kwake. Nje ya uzio askari akikuona wewe ni shifta, mwasi wa porini, na shifta wakikuona wewe ni wa serikali. Wafugaji waliobaki malishoni walikuwa na wake, na wake hao walizaa, na Mkunga aliwafuata huko, mara nyingine na pasi, mara nyingine bila. Hakuuliza mume yuko wapi wala ameshika nini mkononi.

"Tangu nianze kazi hii sijauliza baba wa mtoto ni nani," alisema. "Ningeuliza, nusu ya Garissa ingeachana."

Sasa neno lenyewe. Kati ya ngamia zangu kulikuwa na mmoja ambaye hatujamfikia: uwongo. Nikisema jambo lisilo sawa hata kwa unywele, ulimi uliwaka mpaka nirudi kulisahihisha. Nilimrudia mwenye duka kumwambia kwamba mvua niliyosema imenyesha juzi ilinyesha siku moja kabla. Tulikuwa bado tunahangaika na punda wakati mtu mmoja alipokuja kumwita Mkunga. Mkewe, nje huko, alikuwa na uchungu wa siku ya pili. Mkunga akachukua mikoba akaondoka bila pasi. Mimi nikabaki zahanati nikikunja bandeji.

Karani wa pasi akatokea mlangoni. Huyu si mgeni kutoka bara, ni mtoto wa mtaa wetu. Kiatu chake hulia kabla mwenyewe hajafika, na ana kalamu mbili mfukoni ingawa anaandika kwa moja.

"Mkunga yuko?"

"Ametoka."

"Haya." Akaenda zake.

Yangeishia hapo. Lakini "ametoka" inaweza kumaanisha sokoni, na hakuwa sokoni, basi nimesema uwongo. Nikamkimbilia njiani. "Samahani, si sokoni. Ametoka nje ya uzio, na mkoba."

Akageuka polepole. "Saa ngapi, dada?"

"Saa tisa."

Nikarudi zahanati. Ilikuwa saa nane na nusu. Nilijaribu kukaa nayo, wallahi nilijaribu, nikahesabu bandeji, nikauma ulimi. Kisha mimi, nisiyeweza kuingia dukani, nikaenda mpaka ofisini kwake nikagonga. "Ilikuwa saa nane na nusu." Akaandika. Nikarudi. Mkoba haukuwa mmoja, ilikuwa mikoba miwili, na wa pili ulikuwa wa dawa. Nikaenda mara ya tatu. Mara hiyo aliniwekea kiti.

Walimngoja langoni asubuhi alipokuwa akirudi. Walisema anawapelekea shifta dawa za serikali. Alikaa ndani zaidi ya mwezi. Alipotoka alikuwa amekonda, gauni jeupe limechukuliwa pamoja na kazi, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena. Alisimulia jambo moja tu, kwamba mtoto wa yule mama wa malishoni ni wa kike na ana mapafu ya ngamia. Mtu akimwuliza vidole vimefanya nini, alijibu, "Vimezeeka kabla yangu."

Na sasa kisasi, ambacho ninakiandika kwa mate mdomoni.

Mke wa karani alikuwa na mimba ya kwanza, na aliyewekwa zahanati badala ya Mkunga alikuwa mwanamume. Adhuhuri moja tulikuwa tumekaa kivulini mlangoni kwa Mkunga, Hooyo, mimi na wanawake wengine wanne watano, tukasikia kiatu kinalia mbio.

"Eeddo, nakuomba. Uchungu umemshika."

Karani alisema kwa lugha yetu. Mkunga akamjibu kwa Kiswahili, lugha ya meza ya karani, ingawa p na v humshinda.

"Uchungu nakuja, naondoka?"

"Unakuja, unaondoka."

"Nakuja mmoja, wewe naweza kubika chai kabla ya mwingine?"

"Naweza. Hata birika mbili."

Basi mtoto hakuwa na haraka. Mkunga akakunja miguu vizuri mkekani. "Lete basi nyeube ya serikali. Ile karatasi."

"Pasi ya nini? Nyumba yangu si ile pale?"

"Mimi mtu ya kufungwa. Bila karatasi sifuki barabara. Andika: Mkunga nafuka barabara. Biga muhuri."

Akaenda mbio, akarudi nayo. Mkunga akaitazama juu chini, yeye asiyejua kusoma, akampa Hooyo ashike. "Na mkoba? Mkoba iko dawa. Mimi najua taabu ya mkoba." Akaenda mbio. Akarudi, jasho limempita kolani. "Na mkasi? Andika mmoja." Wanawake walikuwa wameingiza nyuso ndani ya mitandio, mabega yanatikisika.

"Karani," mmoja akapaza sauti, "umesahau kuandika rangi ya punda!"

"Hakuna punda!"

"Basi andika hakuna!"

Hata yule wa nyumba ya tatu alicheka, na Mkunga hakumpa hata jicho. Mimi nilicheka kuliko wote. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, nikimwangalia karani akikimbia juani mara ya nne kwa pasi ya kurudi, saa iachwe wazi, na kila alipopita alinitazama mimi, mimi peke yangu, kwa jicho la mtu anayejua.

Kisha Mkunga akainuka, akavuka barabara, na kuanzia hapo hakukuwa na mzaha. Aliniita niwe vidole vyake viwili. Nilishika alichoniambia nishike, nikafunga uzi wa kitovu fundo moja, na sikulirudia. Alizaliwa mvulana, kabla ya magharibi. Karani alikuwa ameandaa chai ya maziwa na nyama, mkeka mpya umetandikwa. Mkunga akanawa mikono, akajifunga mtandio, akapita kando ya mkeka ule akatoka nje bila kuonja hata funda moja. Kwetu, kuiacha hivyo nyumba yenye mtoto mchanga ni kama kutema mate kizingitini. Karani alibaki amesimama na buli mkononi. Ninalikumbuka buli lile nikitaka kulala vizuri.

Hayo ya juu niliyaandika Jumapili. Leo ni Alhamisi, na nimetoka kwake sasa hivi.

Nilimkuta akitwanga iliki kwa mkono wa kushoto. Nikasimama. Nikalisema.

"Eeddo, aliyemwambia karani ni mimi. Kwamba uliondoka saa nane na nusu, na mikoba miwili."

Hakusimamisha mchi. "Najua."

"Nani alikuambia?"

"Walinisomea kule ndani. Shahidi kasema saa tisa, shahidi karudi kasema saa nane na nusu, shahidi karudi tena." Akaniangalia. "Garissa hii nzima, naa, nani mwingine anarudi kusahihisha nusu saa? Nikacheka. Yule aliyekuwa anasoma akadhani namcheka yeye." Akaonyesha vidole vyake kwa kidevu tu. "Hivi ni vya kicheko hicho."

"Ulijua siku zote hizi. Na ukaniita kushika uzi."

"Ulikuwa mgonjwa wangu. Mgonjwa simwachi njiani."

"Na sasa?"

"Sasa unapanda lori."

Iliki ilikuwa laini tayari, lakini aliendelea kutwanga. Kuku aliingia, akatazama, akatoka.

"Eeddo, umenisamehe?"

Akamimina iliki kwenye kipande cha karatasi, akaikunja pembe nne, akaniwekea kiganjani. "Mpe mama yako."

"Umenisamehe?"

"Hiyo ni mara ya pili."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakuupiga. Aliufunga tu, kama mtu anayefunga mlango.

Nilisimama pale nikiutazama ule ubao. Sijui kama alinifungia kama mgonjwa wake au kama adui wake. Anaye mmoja anayemnyamazia ili apone, na anao wengine anaowanyamazia ili waumie, na kwa nje kimya ni kile kile. Na anajua kwamba sitaweza kutofautisha. Nikigonga kuuliza, nimeharibu yote aliyonifanyia; nisipogonga, nitakaa nalo shuleni, bwenini, katikati ya wale saba, kila siku. Kama ni kisasi, sijawahi kuona kilichokatwa vizuri kumfaa mtu kama hiki. Nilimwonea wivu tena, hata pale.

Nikaanza kurudi nyumbani. Nilipofika kona ya msikiti nikakumbuka kwamba sikumwambia habari ya peremende. Wala hapa sikuiandika. Ile mara ya tatu, aliponiwekea kiti, karani alifungua mtoto wa meza akanipa peremende ya mnanaa, na mimi niliila pale pale mbele yake, nikasema asante. Ilikuwa tamu. Nilikuwa nimetoka kumuuza mtu na ilikuwa tamu, nikainyonya polepole ili isiishe.

Miguu ikageuka yenyewe kuelekea kwake. Mlango wake ulionekana kutoka pale, umefungwa, hatua hamsini hivi. Nilisimama juani. Punda wa maji wakanipita na madebe yao, mwenye punda akanisalimu.

Kisha nikaenda nyumbani, nikampa Hooyo iliki, nikaanza kukunja nguo zangu za sanduku.